Kiatu cha Safari: Pambo la Mguu na Ngao Yake

Mwaka unapokaribia mwisho, Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, jijini Dar es Salaam, hugeuka kuwa uwanja wa maonyesho ya mavazi. Waendao Moshi, Bukoba, Mwanza na Songea hawasafiri na nguo za kushindia. Huonekana suti iliyopigwa pasi usiku wa manane, gauni la kitenge lililotoka kwa fundi jana jioni, na viatu vipya ambavyo soli zake hazijaonja vumbi. Mtu arudiye kwao baada ya mwaka mzima wa kuhangaikia riziki mjini hataki kushuka garini akiwa na sura ya aliyeshindwa na maisha. Vazi lake ni salamu ya kwanza: huwafikia wazee kabla hajafungua kinywa kusema shikamoo.

Hakuna ubaya katika hilo. Taabu ni kwamba viatu hivyo vipya huchaguliwa kwa ajili ya dakika chache za kushuka garini, ilhali mguu utakaa ndani yake mchana kutwa. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Katika mwendo huo abiria hukaa amekunja magoti, miguu imening'inia, mzigo wa jirani umebana nafasi ya kunyoosha. Mwenye afya njema akivaa kiatu kinachombana, hulipia kwa malengelenge na kuchechemea siku mbili. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia anaweza kulipia kwa kidole, na wakati mwingine kwa mguu mzima.

Katika kliniki za kisukari, mazungumzo juu ya viatu hufuata njia moja. Muuguzi humshauri mgonjwa avae viatu vipana, vilivyofunika vidole, visivyo na kisigino kirefu. Mama wa makamo huitikia kwa adabu zote, “Nimesikia, mwanangu.” Viatu hununuliwa, pengine kwa fedha ya kuungaunga, kisha huwekwa chini ya kitanda. Siku ya safari ya harusini hutoka vile vyembamba vyenye ncha. Anayemdadisi kwa upole hupata jibu la kweli: “Vile vya hospitali, mwanangu, nitavivaaje mbele ya wakwe?”

Swali hilo wengi hulihesabu kuwa ni la urembo, na hulipita. Kwa hakika ni swali la tiba. Kiatu ambacho mgonjwa anakionea haya hakivaliwi, na kiatu kisichovaliwa hakilindi mguu wa mtu. Ndiyo maana mhudumu wa afya anayezungumzia upana wa kiatu bila kuzungumzia sura yake amefanya nusu ya kazi.

Yanayoupata mguu njiani

Misuli ya shavu la mguu hufanya kazi ya pampu. Kila hatua mtu apigayo, misuli hiyo huikamua mishipa na kuisukuma damu kurudi moyoni. Akikaa kitini kwa saa nyingi, pampu hulala. Damu hutuama sehemu za chini, na maji yake hupenya polepole kutoka kwenye mishipa midogo na kuingia katika nyama za mguu. Kifundo hujaa, mgongo wa mguu hutuna, na vidole husongamana. Mjamzito, mzee, mwenye maradhi ya moyo au figo, na anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama amlodipini, huvimba zaidi na mapema zaidi.

Kwa hiyo kiatu kilichoingia vizuri saa kumi na moja alfajiri si kiatu kilekile saa kumi jioni. Ngozi yake ni ileile, lakini mguu umekuwa mkubwa. Mtu mwenye hisia timamu huvua kiatu, akalegeza kamba, akanung'unika. Asiye na hisia hukaa kimya. Mbaya zaidi, mtu wa namna hii dukani huelekea kuchagua kiatu kidogo kuliko mguu wake, kwa sababu kiatu kinachomtosha hasa hukiona kama kinapwaya, na kinachombana ndicho pekee anachokihisi. Msemo wa “mguu wenyewe utakwambia” haumfai tena, kwa maana mguu umekwisha kuwa bubu.

Elimu hii haikuanzia katika kisukari. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefika Vellore, India Kusini, mwaka 1946, aliwatibu wagonjwa wa ukoma ambao nyayo zao zilikuwa na vidonda visivyopona. Wengi wakati ule waliamini kwamba ni ukoma wenyewe unaoila nyama ya mguu. Brand na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo ilitokana na mguu usiohisi maumivu: mgandamizo uleule, mahali palepale, hatua baada ya hatua, bila mwenye mguu kujua kwamba apaswa kupumzika. Wakatengeneza makubadhi yenye kitanda cha mpira laini uliojaa vitundu vidogo vya hewa, na vidonda vingi vikaepukika.

Lakini makubadhi ya aina hiyo yalipoenea katika mipango ya kutibu ukoma nchi mbalimbali, likazuka jambo ambalo wahandisi wa mpira hawakulipigia hesabu. Yalifanana yote. Aliyeyavaa alitambulika kutoka mbali kuwa ana ukoma. Kiatu kikawa tangazo la ugonjwa, na baadhi ya watu wakaona afadhali wapate kidonda kuliko kutembea na tangazo hilo sokoni. Fundisho hilo limelipiwa kwa gharama kubwa mno, na haifai kulisahau pale kiatu cha mwenye kisukari kinapochaguliwa.

Sokoni, jioni

Wakati mwema wa kununua kiatu cha safari ni jioni, baada ya shughuli za siku, mguu ukiwa umekwisha kutanuka. Kipimo huchukuliwa mnunuzi akiwa amesimama na amevaa soksi zilezile atakazosafiri nazo. Miguu miwili ya mtu mmoja hailingani. Kipimo hufuata ule mkubwa. Miongozo ya kimataifa ya utunzaji wa mguu wa mwenye kisukari inataka urefu wa ndani wa kiatu uzidi mguu kwa sentimita 1 hadi 2, upana ulingane na sehemu pana ya mguu chini ya vidole, na kimo kiviachie vidole nafasi ya kunyanyuka bila kugusa dari.

Kwa aliyepoteza hisia kuna hila moja rahisi, nayo haina gharama. Asimame peku juu ya karatasi ngumu, kama ya boksi la bidhaa, na mtu mwingine auchore mguu wake kwa kalamu iliyosimama wima. Umbo hilo likatwe na kwenda nalo dukani. Likitumbukizwa ndani ya kiatu na kulala bila kujikunja pembeni, kiatu kinafaa kujaribiwa. Likijikunja, kiatu hicho hakifai, hata kama kinametameta kiasi gani na hata kama muuzaji ameapa kwamba kitalegea chenyewe.

Je, ni kiatu cha namna gani kinachokidhi masharti haya na bado kikamridhisha mtu aendaye kwa wakwe? Jawabu liko karibu kuliko inavyodhaniwa. Raba nyeusi ya ngozi, isiyo na nembo kubwa wala soli ya rangi za kung'aa, ikifungwa kamba vizuri chini ya suruali iliyonyooka, haina tofauti kubwa na kiatu cha ofisini mbele ya macho ya watu. Moka pana ya ngozi laini, yenye ncha ya duara, inakubalika chini ya kanzu na chini ya suti. Kwa wanawake vipo viatu vya chini vya mkanda unaopita juu ya mguu, wenye kifungo au gundi ya kunata, ambao huweza kulegezwa safarini na kukazwa wakati wa kushuka. Mkanda huo ni kitu kidogo, lakini ndio unaotofautisha kiatu kinachokubali kuvimba kwa mguu na kisichokubali. Kiatu cha kuchomeka tu, kisicho na kamba wala mkanda, hakina huruma: ama kimetosha asubuhi na kubana jioni, ama kimetosha jioni na kuvuka asubuhi.

Fundi viatu naye asisahauliwe. Mafundi wetu wa mitaani wanaoshona kwa ngozi wanaweza kuambiwa maneno matatu tu: paachwe nafasi mbele, mshono usipite juu ya kidole gumba, na ndani pawekwe kitanda laini kinachoweza kutolewa. Rangi na mapambo aamue mvaaji. Mama aliyechagua mwenyewe rangi ya zambarau na kifungo cha shaba atakivaa kiatu chake kuliko yule aliyekabidhiwa kiatu cheusi na kuambiwa ni dawa.

Makubadhi ya pwani yanahitaji neno la pekee, kwa kuwa ni mazuri na yanaendana na kanzu kuliko kiatu chochote. Kasoro yake kwa mwenye ganzi ni gidamu, yaani ule ukanda upitao baina ya kidole gumba na cha pili. Hapo ngozi ni nyembamba na jasho halikauki; msuguano wa siku moja waweza kufungua kidonda mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Makubadhi yasiyo na gidamu, yenye mikanda miwili mipana juu ya mguu na mmoja nyuma ya kisigino, huhifadhi uzuri na kuondoa hatari hiyo, ijapokuwa vidole hubaki wazi, na kwa hiyo ni ya kuvaa mahali penye sakafu safi zaidi kuliko porini. Kandambili, kwa upande wake, ina gidamu, haina kishikizo nyuma, na humlazimu mvaaji kukunja vidole ili isivuke. Ni chombo cha kwendea bafuni. Yeboyebo za plastiki ni pana, na hilo ni jema, lakini hazipumui, na mguu uliolowa jasho saa kumi hulainika na kuchubuka.

Viatu vya mtumba huvaliwa na wengi, na vingi ni vya ngozi bora kuliko vipya vya bei ileile. Ila kiatu cha mtumba kimekwisha kuufuata mguu wa mtu mwingine. Soli iliyolika upande mmoja na bonde lililoachwa ndani na kisigino cha mwenye kiatu wa kwanza hupeleka uzito mahali pasipostahili. Anayenunua avitazame kwa nyuma vikiwa juu ya meza: vikiegemea upande, aviache. Vikisimama wima, kitanda cha ndani king'olewe na kuwekwa kipya, na mkono upitishwe ndani yote kutafuta msumari au mshono uliofumuka.

Viatu vya mchuchumio havihitaji maneno mengi. Huhamishia uzito wa mwili kwenye nyama ya mbele ya wayo, ambako ndiko vidonda vya kisukari hupenda kuanzia. Bibi mwenye hisia timamu anaweza kuvifunga katika mfuko na kuvivaa saa mbili za sherehe. Mwenye ganzi asivivae hata hizo.

Kiatu kipya chochote, hata kilichopimwa kwa uangalifu, hakivaliwi kwa mara ya kwanza siku ya safari. Huzoeshwa nyumbani, saa moja au mbili kwa siku, na baada ya kukivua mguu hukaguliwa chini na pembeni. Wekundu usioondoka, joto lililozidi mahali pamoja, au ngozi iliyotuna ni ushahidi kwamba kiatu kina ugomvi na mguu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kujificha, kwa hiyo mkono uwe shahidi wa pili: upitishwe taratibu kutafuta mahali penye joto. Anayesafiri katikati ya Desemba basi ana haja ya kununua mwanzoni mwa mwezi, si mkesha wa kuondoka.

Soksi ziwe za rangi nyeupe au hafifu, maana tone la damu au usaha huonekana mara moja juu yake. Soksi nyeusi huficha siri ambayo daktari angependa kuijua. Zenye mshono mnene juu ya vidole hugeuzwa, mshono ukatazama nje. Lastiki inayoacha alama ya pete kwenye muundi inazuia damu, na mkasi mdogo unaweza kuilegeza.

Nguo, na suala la kuchimba dawa

Kuhusu nguo, mengi husemwa juu ya joto na baridi, nayo ni ya kweli lakini si mapya: pamba hunyonya jasho na kuruhusu hewa, poliesta nzito hufungia joto ndani, aendaye Njombe mwezi wa Juni au Julai abebe sweta, na apandaye basi lenye kiyoyozi abebe kanga au shali hata kama nje jua linachoma. Mikono mirefu na suruali ndefu humkinga na mbu anayeshuka usiku katika kijiji chenye malaria. Jambo lisilosemwa, kwa sababu ya haya, ni choo.

Basi la mbali husimama mara chache. Wakati mwingine husimama porini, kondakta akatangaza kuchimba dawa, na abiria wakatawanyika vichakani, wanaume upande huu na wanawake upande ule, dereva akipiga honi kabla wengine hawajamaliza. Mwanamke aliyevaa jinzi ya kubana, au vazi la kipande kimoja linalofunguliwa kutoka mgongoni, hana namna ya kuvumilia masharti hayo kwa heshima. Wengi huamua jambo ambalo mwili unalichukia: hawanywi maji tangu asubuhi. Damu inakosa maji, kichwa kinauma, mkojo unakuwa mzito na kukaa kwenye kibofu kwa saa nyingi, na maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi. Mwenye kisukari ambaye sukari yake iko juu hupoteza maji mengi zaidi kwa njia ya mkojo, na kujinyima kwake ni hatari maradufu.

Hapa vazi la kwetu lina ushindi wa wazi. Dera, au gauni la kitenge lenye sketi pana, na kanga moja ya akiba begani, humpa mwanamke sitara popote pale. Kanga hiyohiyo ni shuka ya kujifunika, mto wa shingo, na pazia la kumnyonyeshea mtoto. Fundi cherehani akiombwa aache nafasi ya kutosha kiunoni na kwenye mikono, gauni hubaki na umbo lake zuri mtu anaposimama na humwachia pumzi anapoketi. Mvaa suruali achague ya kiuno kinacholegea. Mkanda uliokazwa juu ya tumbo lililokunjwa kwa saa nane huchochea kiungulia, na kwa baadhi ya watu hubana mshipa wa fahamu upitao kwenye nyonga, wakapata ganzi na mwako upande wa nje wa paja wasijue umetoka wapi.

Vichaka vya kuchimbia dawa vina jambo jingine: miiba. Abiria aliyevua viatu garini ili miguu ipumue, akashuka haraka na kandambili za jirani, akirudi na mwiba katika wayo usiohisi, anaweza kufika Mwanza bila kujua, na kugundua siku ya tatu kwa harufu. Mwenye ganzi ashuke na viatu vyake vilivyofunika vidole, na kabla ya kuvivaa avipindue na kuvikung'uta. Kijiwe, ganda la karanga au kizibo cha soda ndani ya kiatu vimekwisha kusababisha majeraha makubwa. Asiketi pia mahali ambapo miguu yake itakaa karibu na kifuniko cha injini, kwa kuwa joto linalomsumbua jirani yake linaweza kumwunguza yeye pasipo kumwamsha usingizini.

Damu kuganda mguuni ni hatari nyingine ya kukaa muda mrefu. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, matokeo yake yakatolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba uwezekano wa tatizo hili huongezeka takribani mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya uwezekano huo ungali mdogo, kiasi cha mmoja kati ya 6,000. Hupanda kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua karibuni, kwa aliyefanyiwa upasuaji, kwa mgonjwa wa saratani, na kwa aliyewahi kuganda damu. Hao wazungumze na daktari kabla ya kukata tiketi. Wengine wanyanyuke kila wanapopata nafasi, na wanapokosa wapige visigino na vidole sakafuni kwa zamu, ili ile pampu ya misuli iamke. Nguo inayobana kinena na nyuma ya goti haisaidii.

Soksi maalumu za kubana, zinazokaza zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda, hupunguza uvimbe na hatari hiyo. Siku hizi zipo za rangi nyingi na huvaliwa chini ya suruali zisionekane. Lakini hazifai kununuliwa kama pipi. Mtu ambaye mishipa yake ya kupeleka damu miguuni imeziba, jambo linalotokea sana kwa wenye kisukari na wavutaji sigara, anaweza kuharibiwa mguu na soksi hizo. Kwanza mapigo ya damu ya mguu yapapaswe na mtu anayejua.

Mlangoni kwa mwenyeji

Safari haiishi gari linaposimama. Mgeni hupokewa, mzigo hubebwa, na mlangoni huvua viatu. Ndivyo adabu ilivyo, hasa pwani na katika nyumba za Waislamu, na hakuna mganga atakayeifuta. Hata hivyo mwenye ganzi, kuanzia hapo, hutembea peku siku nzima juu ya saruji, jikoni penye makaa, na uani penye vipande vya vioo. Uchunguzi uliofanywa Uholanzi juu ya watu walioandikiwa viatu maalumu ulibaini kwamba huvivaa zaidi watokapo kuliko wawapo nyumbani, ilhali hatua nyingi za siku hupigwa nyumbani. Ufumbuzi si kubishana na mwenyeji. Ni kubeba jozi ya pili, safi, isiyowahi kukanyaga barabara, iliyofunika vidole, na kumwambia mwenye nyumba kwa upole: “Samahani, shangazi, hivi ni vya ndani tu; daktari amenikataza kutembea peku.” Ni nadra shangazi kukataa. Jozi hiyo ikiwa nadhifu, yenye tarizi au ngozi laini, huonekana kama heshima kwa nyumba.

Usiku una hatari yake, ambayo mgeni kutoka mjini haifikirii. Mwaka 2005 watafiti wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini. Hawakuamka. Waliiona damu asubuhi. Katika nyumba yenye ghala la mahindi, soksi nene na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro ni vazi la kulalia la lazima.

Safari ya Hija inastahili maandalizi yake yenyewe. Mwanamume aliyehirimia haruhusiwi nguo iliyoshonwa kufuata mwili, na kiatu chake hakifuniki vifundo, kwa hiyo kiatu cha kufungwa alichozoea hakina nafasi. Tarehe 17 Juni 2024 joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilipimwa nyuzi 51.8 za selsiasi, na lami ya nje huwa na joto kuliko hewa. Haji aliyeacha makubadhi mlangoni, asiyapate atokapo, akaamua kutembea peku hadi hotelini, anaweza kufika na nyayo zilizoiva bila kuhisi chochote. Tahadhari yake ni mfuko mdogo wa kitambaa wenye kamba ya kuvaa mgongoni: makubadhi hayaachwi mlangoni kamwe, huingia naye. Na makubadhi yenyewe, yenye mikanda mipana na soli nene, yazoeshwe tangu nyumbani kwa wiki kadhaa. Wanawake, ambao hawabanwi na sharti hilo la ihramu, wanaweza kuvaa soksi na viatu vya kufunika, na mwenye kisukari ana kila sababu ya kufanya hivyo.

Kwa mhudumu wa afya

Kliniki nyingi hazina vifaa, lakini kidole cha shahada hakikosekani. Mgonjwa hufumba macho. Mhudumu humgusa kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, bila kubonyeza. Asipotambua migusano miwili au zaidi kati ya sita, hisia zake zimepungua na anahitaji uchunguzi kamili wa miguu. Kipimo hiki kilianzishwa Ipswich, Uingereza, na huchukua muda mfupi kuliko kuandika jina la mgonjwa kwenye daftari.

Kisha viatu alivyokuja navyo vivuliwe na kuwekwa mezani, vishikwe kwa mikono, kitanda cha ndani kitazamwe kimelika wapi. Miadi ya Novemba na ile ya kabla ya Idi ndiyo mahali pa kuuliza: “Mama, mwaka huu unasafiri? Utavaa nini siku ya kufika?” Akisema ana viatu vipya, aombwe avilete. Mara nyingine vitafaa. Mara nyingine itabidi kukubaliana naye kwamba vile vya ncha vitakaa begani hadi picha zipigwe akiwa ameketi, na vile vipana vya zambarau ndivyo vitakavyopanda basi. Kama mgonjwa tayari ana kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, hakuna kiatu cha safari kitakachomfaa. Safari iahirishwe, au ifanyike kwa ushauri wa daktari huku mguu ukiwa umepunguziwa uzito.

Baada ya kufika, miguu ikaguliwe jioni ileile, kwa mwanga mzuri na kioo kidogo cha mkononi kilichowekwa sakafuni, au kwa macho ya mjukuu. Lengelenge lisipasuliwe. Kidonda, weusi, harufu au joto la upande mmoja vipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama sherehe haijaisha. Vivyo hivyo mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu wakati mwenzake umenywea, au pumzi inayokatika ghafla na maumivu ya kifua, hata wiki mbili au tatu baada ya safari. Wakati huo mtu amekwisha kuzisahau saa alizokaa kitini, na mhudumu atakayempokea ana wajibu wa kumuuliza kama alisafiri.